Ishirini na Kumi

Rozalia alikuwa mhazini wa kikundi cha Tujaribu, wanawake tisa wanaonunua dagaa mwaloni Katonga, pale wavuvi wanaposhusha samaki, wanawakausha na kuwauza kwa wafanyabiashara wanaokuja na malori. Alichaguliwa uhazini kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi, na kwa sababu nyumba yake ilikuwa na mlango wa chuma. Kusoma alisoma hadi darasa la saba kama wengi wa wenzake. Hesabu aliziweza kiasi cha kutopunjwa sokoni, na hakuwahi kudhani atahitaji zaidi ya hapo.

Kwa miaka mingi wanawake hao walianika dagaa wao juu ya mchanga. Dagaa wa mchangani wanakauka vizuri tu, lakini mlaji anawatafuna na mchanga wao, na wanunuzi walikuwa wameanza kuwakwepa. Waliokuwa wakianika juu ya chanja, yaani vitanda vya miti vilivyotandikwa neti, walikuwa wanalipwa bei nzuri zaidi. Kwa hiyo kikundi kikakubaliana: miti watakata wenyewe, neti watanunua. Walipima vitanda vyao wakapata mita mia moja ishirini na tano.

Wiki ileile Winfrida, aliyekuwa mdogo kuliko wote kikundini, alipita mjini akaona bango nje ya duka la vifaa la bwana mmoja aitwaye Anatoli. Akalipiga picha na kuituma kwa wenzake. Bango lilikuwa jekundu, limeandikwa kwa herufi kubwa nyeupe: PUNGUZO 20% + 10% KWA VIKUNDI. LIPA TASLIMU. Chini yake kulikuwa na picha ya jora la neti la mita ishirini na tano, na bei yake shilingi elfu tisini.

Happiness ndiye aliyepiga hesabu. Happiness alikuwa dada yake Elikana, mume wa Rozalia, kwa hiyo yeye na Rozalia walikuwa wifi na wifi, na kama mawifi wengi walipendana na kuchunguzana kwa wakati mmoja. Alikuwa mwepesi wa ulimi na mwepesi wa kichwa pia.

"Jora moja mita ishirini na tano," alisema kikaoni, simu mkononi. "Tunahitaji majora matano. Tano mara tisini elfu, laki nne na nusu. Punguzo ishirini na kumi, thelathini. Thelathini ya laki nne na nusu ni laki moja na elfu thelathini na tano. Inabaki laki tatu na elfu kumi na tano. Tukiwa tisa, kila mtu atoe elfu thelathini na tano. Hata chenji haibaki!"

Wakampigia makofi. Mwenyekiti wao, Bibi Regina, mwanamke mtu mzima aliyewahi kuuza samaki hata Kalemie ng'ambo ya ziwa, akasema imepita. Hela ikachangwa, na ya bajaji ikatolewa kwenye sanduku la kikundi.

Rozalia alitakiwa kwenda mjini na Winfrida. Lakini siku ya kwenda, mitumbwi ilirudi imejaa kupita kawaida, dagaa wakashuka bei, na hakuna aliyetaka kuondoka mwaloni. "Nenda tu, dada," Winfrida alimwambia, beseni tayari kichwani. "Neti si zimeshajulikana bei?" Rozalia akaenda peke yake.

Duka la Anatoli lilikuwa limejaa watu. Anatoli mwenyewe alikaa nyuma ya kaunta, mtu mnene kidogo, mpole, miwani imening'inia kifuani. Rozalia akamwonyesha barua ya kikundi yenye mhuri wa mtaa, akaomba majora matano. Anatoli akabonyeza mashine yake, akaigeuza ili mteja asome.

"Laki tatu na elfu ishirini na nne, mama."

Rozalia akaitazama ile namba. "Sisi tulihesabu laki tatu na elfu kumi na tano."

"Punguzo zote mbili nimeshatoa, mama. Ya ishirini na ya kumi. Angalia."

Akabonyeza tena, upesi upesi, na namba ikatokea ileile. Nyuma ya Rozalia fundi mmoja alianza kuguna, anataka misumari. Majora yalikuwa yameshatolewa stoo na dereva wa bajaji alikuwa nje, ameshakubali kusubiri kwa elfu nane. Rozalia alikuwa na shilingi elfu tisa zake mwenyewe, hela ya mkaa na ya mafuta ya kupikia. Akaona kurudi Katonga mikono mitupu ni hasara mara mbili. Akazitoa, akazijaza, akapewa risiti.

Njiani kurudi aliisoma ile risiti mara kadhaa bila kuona kosa, na bila kuona ukweli pia.

Jioni, kazi ilipopungua, wanawake wakakusanyika kando ya chanja kuangalia neti. Walizishika, wakazivuta, wakazisifu. Rozalia akaona ni wakati mzuri. Akatoa risiti, akaeleza kuwa bei ilizidi kidogo, akajazia hela yake, na sasa anaomba kikundi kimrudishie.

Happiness akaichukua risiti.

"Wifi, hii elfu tisa imetoka wapi?"

"Ndiyo bei aliyonitajia."

"Bei tuliihesabu hapa hapa. Ishirini na kumi ni ngapi?"

"Thelathini."

"Na laki nne na nusu ukitoa thelathini?"

"Laki tatu na kumi na tano," Rozalia alijibu.

"Basi elfu tisa imekwenda wapi? Ama umeibiwa ukiwa umesimama, ama..." Happiness hakumalizia. Hakuwa na haja ya kumalizia.

Mwanamke mmoja akasema risiti hizi siku hizi mtu anaandikiwa anavyotaka, mradi aelewane na mwenye duka. Alisema kwa upole, kama anayeeleza jambo la kawaida, na huo upole ndio uliomuumiza Rozalia zaidi. Akamtafuta Winfrida kwa macho, lakini Winfrida alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea ncha ya khanga.

"Mimi nimekuwa mhazini wenu tangu tuanze," Rozalia alisema. "Mmewahi kukosa shilingi?"

"Hakuna aliyesema umekula hela," Bibi Regina aliingilia. "Lakini hesabu ya kikundi lazima ieleweke. Rudi kwa huyo bwana akueleze, kisha utueleze sisi. Ukishindwa, elfu tisa haitarudi. Na itabidi tuangalie suala la mhazini."

Nyumbani Rozalia alimweleza Elikana. Elikana alikuwa akisuka kamba za mtumbwi mlangoni, akasema, "Elfu tisa tu, waachie." Rozalia akamjibu kwamba si elfu tisa, ni jina lake. Elikana akaona ni kweli, maana ulimi wa dada yake aliujua.

Kesho yake Rozalia alirudi dukani. Safari hii hakujali foleni.

"Shikamoo mama," kijana wa stoo alimsalimia. Akaitikia huku anaelekea kaunta moja kwa moja.

"Bwana Anatoli, bango lako limeandikwa ishirini jumlisha kumi. Hiyo ni thelathini. Wewe hukunipa thelathini."

Anatoli akavaa miwani. "Nimekupa ishirini ya bei, mama, halafu kumi ya kilichobaki."

"Bango halisemi 'ya kilichobaki'."

"Ndivyo inavyofanyika. Mashine ndiyo inavyofanya. Kila duka linafanya hivyo."

"Kwa hiyo ile alama ya kujumlisha ni pambo?"

Mtu mmoja dukani akacheka. Anatoli hakucheka. Alisema bango lilichapwa Mwanza na mtu wa matangazo, yeye kazi yake ni kuuza. Alisema kama mama anataka, arudishe majora ambayo hayajakatwa, atarudishiwa hela yake. Lakini tangu alfajiri majora yalikuwa yameshakatwa, kutandikwa na kupigwa misumari, na Rozalia akageukia mlango. Akatoka. Hakujua bado kama ameibiwa au ameelezwa. Maneno yale mawili tu ndiyo aliyoondoka nayo: ya kilichobaki.

Aliyafikiria akiwa kwenye chanja yake mchana, akigeuza dagaa ili wakauke upande wa pili. Kilichobaki. Kilichobaki cha nini? Akajaribu kichwani, namba zikamkimbia, maana laki nne na nusu ni kubwa. Akaona apunguze. Kama bei ingekuwa mia? Na mia anayo hapa mbele yake.

Akahesabu dagaa mia moja na kuwapanga juu ya mfuko mtupu, kumi kumi, mafungu kumi. Ishirini katika mia ni mafungu mawili. Akayaondoa. Yakabaki manane. Sasa ile kumi. Mkono wake ulikwenda kuondoa fungu zima, ndivyo walivyofanya wote kikaoni. Lakini fungu moja ni kumi ya mafungu kumi, na hapa mafungu kumi hayapo tena, yapo manane. Kumi kwa mia maana yake ni mmoja katika kila kumi. Basi akatoa dagaa mmoja katika kila fungu. Fungu la kwanza mmoja, la pili mmoja, mpaka la nane. Akawatazama mkononi. Walikuwa wanane.

Ishirini na wanane. Si thelathini. Wawili wamepungua katika kila mia.

Akakaa chini palepale kwenye mchanga. Laki nne na nusu ina mia ngapi? Elfu nne na mia tano. Kila mia inapungukiwa mbili. Elfu nne na mia tano mara mbili ni elfu tisa.

Hakupiga kelele. Alifunika uso kwa khanga kidogo, akapumua, kisha akaenda kumwita Bibi Regina.

Wanawake walikuja mmoja mmoja, wengine na mabeseni yao, Happiness wa mwisho. Rozalia hakutaka kuwaeleza kwa maneno, alijua maneno yangempotea. Akamwambia Happiness, "Wifi, hesabu wewe. Sitaki mtu aseme nimepanga mimi."

Happiness akachuchumaa. Alikuwa na tabia ya kuhesabu kwa Kiha anapotaka asikosee, rimwe, kabiri, gatatu, na wote wakamsikia akinong'ona hadi mia. Akapanga mafungu. Akatoa mawili.

"Haya, sasa asilimia kumi," Rozalia alisema.

Happiness akashika fungu zima.

"Hilo ni kumi ya ngapi?"

"Ya..." Mkono ukasita. Akayatazama yale mafungu manane muda mrefu kuliko alivyopenda kuonekana. Kisha akaliacha fungu, akaanza kuokota dagaa mmoja katika kila fungu bila kuambiwa. Alipofika la mwisho akafungua kiganja na kuhesabu tena, ingawa hakukuwa na haja.

"Wanane," alisema.

"Na ishirini uliowatoa mwanzo?"

"Ishirini na nane." Akanyanyuka, akakung'uta magoti. "Kwa hiyo ile hesabu yangu ndiyo ilikuwa mbovu."

"Hesabu yetu sote," alisema Bibi Regina. "Hata mimi nilipitisha."

Winfrida akauliza kama Anatoli angeanza na kumi kisha ishirini, si wangepata nafuu? Wakajaribu. Wakatoa kumi, wakabaki tisini. Ishirini kwa mia ni wawili katika kila kumi, mafungu tisa, kumi na wanane. Wakabaki sabini na wawili, walewale. Winfrida akasema huyu bwana kajipanga pande zote, na kwa mara ya kwanza tangu jana watu wakacheka. Elfu tisa ya Rozalia ikarudishwa papo hapo. Yule aliyesema habari ya risiti aliaga mapema, akisema ameacha maharage jikoni.

Happiness hakuomba radhi. Aliondoka ameshika beseni kiunoni, na Rozalia, aliyekuwa amesubiri neno, akabaki na furaha iliyopungukiwa kitu.

Siku chache baadaye Happiness alikwenda Ujiji kumwona ndugu aliyejifungua. Aliporudi alipitia kwa Rozalia, akakaa juu ya kigoda jikoni, akapokea chai.

"Nilipita kwa Hasna," alisema. Hasna alikuwa na duka la nyavu na kamba pale Ujiji, la marehemu baba yake, watu wote wa ziwani walilijua. "Nilitaka kuona kama tungepata neti kwa bei ya chini. Nakwambia ukweli, wifi, nilikuwa nataka nikukute na kosa." Alisema hivyo huku anatazama kikombe. "Nimekuta jora elfu sabini na tano. Hana bango, hana punguzo, hana lolote. Sisi limetuangukia elfu sitini na nne na mia nane. Kwa hiyo ulinunua vizuri. Nimekuja kukwambia hivyo."

Rozalia alijua hiyo ndiyo radhi yake, na ilikuwa imemgharimu. Angeweza kuipokea na kumwongezea chai, mambo yakaisha. Lakini tangu siku ya dagaa alikuwa ameingiwa na ugonjwa wa kuuliza.

"Jora la Hasna lina mita ngapi?"

"Thelathini, alisema. Neti ileile, matundu yaleyale. Mabaki anakata kwa mita, bei haibadiliki."

Rozalia akaweka chini kijiko. Letu ni mita ishirini na tano. Akachukua simu, akatafuta mahali pa kupigia hesabu. Sabini na tano elfu kwa mita thelathini, mita moja elfu mbili na mia tano. Sitini na nne elfu na mia nane kwa mita ishirini na tano, mita moja elfu mbili na mia tano tisini na mbili.

Akarudia. Happiness akasogea kuangalia.

"Hasna ni nafuu," Rozalia alisema.

"Bila punguzo?"

"Bila punguzo. Mita mia na ishirini na tano kwa Hasna ni laki tatu na elfu kumi na mbili na mia tano. Sisi tumetoa laki tatu na ishirini na nne."

Nje kuku walikuwa wanapekua majivu. Rozalia alihisi joto usoni. Ni yeye aliyetoka na jina safi juzi tu, na sasa ni yeye mwenyewe aliyefungua mdomo.

"Subiri," Happiness alisema. "Bajaji umeisahau. Kutoka mjini ulilipa elfu nane. Kutoka Ujiji na mzigo hawakubali chini ya kumi na nne, nimewauliza leo."

Wakaongeza bajaji kila upande. Kwa Anatoli jumla ikawa laki tatu na elfu thelathini na mbili. Kwa Hasna, laki tatu na elfu ishirini na sita na mia tano. Tofauti ikashuka hadi elfu tano na mia tano.

"Na kama ile thelathini ingekuwa thelathini kweli?" Happiness aliuliza. Sasa na yeye alikuwa ameambukizwa.

"Laki tatu na kumi na tano, jumlisha bajaji nane, laki tatu na ishirini na tatu. Hapo Anatoli angemshinda Hasna."

"Kwa hiyo tulishindwa na dagaa wawili."

"Dagaa wawili katika mia," alisema Rozalia, na wakacheka mpaka Elikana akachungulia kuona kuna nini.

Happiness akasema hakuna sababu ya kulipeleka hilo kikaoni, neti zimeshapigwa misumari. Rozalia akafikiri. Alisema atalipeleka. Kama kikundi kilitaka kuelewa elfu tisa, kina haki ya kuelewa na hii. Na akalipeleka, Jumamosi, akasimama na kueleza bei ya mita, na bajaji, na kwamba yeye mwenyewe hakuulizia Ujiji kabla ya kwenda mjini. Alitegemea kelele. Bibi Regina alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hakuna hata mmoja wetu aliyeulizia. Tuliliona bango tukaacha kuuliza." Kisha akapendekeza kwamba tangu sasa kitu chochote cha zaidi ya laki kiende na watu wawili, na waanze kwa kuuliza bei maduka mawili. Watu wawili waliotajwa walikuwa Rozalia na Happiness. Happiness alijifanya kulalamika.

Ununuzi uliofuata ulikuwa wa maturubai mawili ya kufunika chanja, na hela ya kikundi ilitosha mawili tu na nauli. Baada ya kuuliza bei duka la kwanza, waliingia la pili karibu na soko la Mwanga wakakuta karatasi imebandikwa ukutani: nunua maturubai matatu, la nne bure. Moja elfu ishirini na nane.

"Hii bei imepanda?" Rozalia aliuliza kwa sauti ya chini.

"Haijapanda. Niliuliza hapa kabla ya mfungo, ilikuwa ishirini na nane hiyohiyo." Happiness alikuwa ameliinua turubai, anaangalia macho yake ya kupitishia kamba kama yameshonwa vizuri, kisha akalinganisha upana kwa dhiraa. "Na ukubwa ni uleule. Hii ni ya kweli, wifi. Manne kwa elfu themanini na nne. Moja linaangukia ishirini na moja."

"Sisi tunataka mawili."

"Tukichukua manne tunaokoa elfu ishirini na nane."

"Tukichukua manne tunatoa elfu themanini na nne badala ya hamsini na sita. Tutakuwa tumeokoa hela ambayo hatuna, kwa kununua maturubai ambayo hatuyahitaji."

Happiness akalirudisha turubai chini, lakini mkono ulibaki juu yake. Iliwauma wote wawili. Ofa nzuri ilikuwa pale, safi, na haikuwa ya kwao.

Pembeni yao alikuwa amesimama mwanamke mwembamba, baibui lake limelowa pindoni kwa maji ya ziwa, anamuuliza muuzaji bei ya mawili. Muuzaji akamwambia hamsini na sita, au achukue matatu apewe la nne. Yule mwanamke akasema boti yake ndogo, manne atayatandika wapi.

Happiness akageuka. "Dada, habari za safari? Umetoka wapi?"

"Ilagala. Nataka ya kufunikia mzigo. Naitwa Shadia."

"Unataka mawili?"

"Mawili."

"Na sisi mawili."

Shadia akawatazama, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepima kama anaibiwa. Rozalia akamweleza polepole: matatu ni elfu themanini na nne, la nne bure, wakigawana kila upande arobaini na mbili badala ya hamsini na sita. Shadia akahesabu kwa vidole, akarudia, akafungua kibindo.

Muuzaji akakataa. Ofa ni ya mteja mmoja, alisema, si ya watu kukutana dukani.

"Basi mteja ni mimi," alisema Shadia. "Hawa ni dada zangu. Hutaki nije na dada zangu?"

"Dada zako wa wapi?"

"Wa Katonga," Happiness alidakia. "Mama mmoja baba mbalimbali."

Watu waliokuwa dukani wakaangua kicheko, na muuzaji, ambaye kwa vyovyote alikuwa anauza maturubai manne, akaguna akaandika risiti. Rozalia akasema risiti moja haitoshi, kikundi chake kitataka kuona. Muuzaji akasema ununuzi mmoja, risiti moja. Wakaiweka juu ya kaunta, Happiness akaipiga picha, kisha Rozalia akamwomba muuzaji aandike nyuma yake kwa kalamu kwamba mawili ni ya Tujaribu kwa elfu arobaini na mbili. Akaandika, akagonga mhuri. Shadia ndiye aliyesema wao waichukue ile yenyewe, maana huko kwake hakuna wa kumuuliza.

Walimsindikiza hadi njia ya kushukia ziwani, kila mmoja na turubai begani, Shadia na mawili yake kichwani. Alisema mwezi ujao atahitaji chumvi ya Uvinza, na mfuko mkubwa unamshinda peke yake, chumvi inalowa na kuyeyuka kabla hajaimaliza.

"Mfuko mkubwa kilo ngapi?" Rozalia aliuliza.

"Hamsini."

"Na mdogo wa ishirini na tano wanauzaje?"

Shadia hakukumbuka sawasawa. Akasema ataulizia, awapigie. Happiness akatoa simu, akachukua namba yake, akaihifadhi kwa jina la Shadia Turubai. Kisha wakaagana, na yeye na Rozalia wakaanza kubishana kama wapande bajaji au watembee.